Matembezi mepesi ya Lodwar: Shati kavu lisikudanganye

Na Daktari Wetu

Kutembea ni dawa isiyo na bei kwa mwenye presha au kisukari. Lakini katika mji wa joto kali kama Lodwar, dawa hiyo ina kipimo chake na saa zake. Wiki hii tunaeleza jinsi mgeni anavyoweza kuuona mji huo wa kihistoria kwa miguu bila kujiletea madhara.

MZEE mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Mombasa, alikuja Lodwar kumtembelea mwanawe anayefanya kazi huko. Wakati huo nami nilikuwa nikitibu katika mji huo. Siku ya pili baada ya kufika, alikuja kwangu kupimwa presha. Ana umri wa miaka 67. Ameishi na shinikizo la damu kwa miaka kumi na humeza tembe mbili kila asubuhi, moja ikiwa ni ile inayomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara.

Nilimpima nikapata 138 kwa 84. Kwa mtu wa umri wake, hilo lilikuwa jambo la kumpongeza.

“Mzee, huwa unatembea?” nikamuuliza.

“Kila siku, mwanangu. Natoka Ngomeni, naishika Ndia Kuu mpaka Bandari ya Kale, kisha narudi nyumbani kunywa chai.”

“Vizuri sana,” nikamwambia. “Endelea hivyo hivyo hapa.”

Maneno hayo manne nilikuja kuyajutia. Siku mbili baadaye, saa saba mchana, mwanawe alimleta akiwa amemshika kwapani. Miguu ilikuwa haimbebi tena. Alikuwa ametoka nyumbani saa nne asubuhi kwenda kuitazama nyumba alimozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta, akapitia sokoni, kisha akateremka mtoni. Alikaa nje karibu saa tatu bila kunywa tone la maji. Presha ilikuwa imeshuka hadi 92 kwa 58, moyo ukipiga mara 118 kwa dakika, na joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.7. Midomo ilikuwa imepasuka. Mkojo ulikuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi.

Nilipomwambia kwamba amepungukiwa na maji mwilini, alinikatalia.

“Haiwezekani, daktari. Litazame shati langu. Sikutoka jasho hata kidogo.”

Nililishika shati lake. Lilikuwa kavu kweli. Na hapo ndipo lilipo somo letu la leo.

JASHO LA PWANI NA JASHO LA TURKANA

Mwili wa binadamu hupenda kukaa kwenye joto la nyuzi 37 hivi. Tunapotembea, misuli huzalisha joto, nalo ni lazima litoke. Katika mji wa baridi kama Nairobi, ulioinuka karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, joto hilo hutoka lenyewe kupitia ngozi, kwa kuwa hewa ya nje ni baridi kuliko ngozi.

Lodwar uko chini, kiasi cha mita 500 tu, na joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita. Hewa ikishalingana na ngozi kwa joto, au ikiizidi, ngozi haiwezi tena kupoa kwa njia hiyo. Njia inayobaki ni moja tu, nayo ni jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi, huondoka na joto.

Sasa tazama tofauti ya Mombasa na Lodwar. Hewa ya pwani imejaa unyevu wa bahari, kwa hivyo jasho halikauki upesi. Shati hulowa, uso hung’aa, na mtu huona mwenyewe kwamba anapoteza maji. Atatafuta madafu au kikombe cha maji bila kuambiwa na mtu. Hewa ya Turkana ni kavu na ina upepo. Jasho hutoka kwa wingi, lakini hukauka papo hapo kabla ya kulowesha nguo. Mtu anayetembea juani kwa kasi anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja na shati lake likabaki kama lilivyotoka kupigwa pasi. Kinachobaki ni chumvi tu, ile michirizi myeupe unayoiona kwenye kofia au kola.

Mzee wetu alikuwa mtembezi hodari, ila alikuwa amejifunza kutembea kwa alama za pwani. Alingoja shati lilowe ndipo anywe maji, na huku Turkana shati halikulowa.

Kiu nayo ni mlinzi anayechelewa kuamka, hasa kwa wazee. Kadiri umri unavyosonga, ndivyo hisia ya kiu inavyopungua, na mtu huweza kupoteza maji mengi kabla ya koo kumkumbusha. Kwa hivyo katika nchi kavu hatunywi kwa kufuata kiu wala jasho. Tunakunywa kwa kufuata saa, na tunauangalia mkojo. Ukiwa na rangi ya majani makavu, mambo ni mazuri. Ukiwa na rangi ya chai, umechelewa.

DAWA ZA PRESHA NA KISUKARI KATIKA JOTO

Tembe za kukojoza, kama vile hydrochlorothiazide na furosemide, hupunguza maji na chumvi mwilini. Ndivyo zinavyoshusha presha. Mwili ukipoteza maji zaidi kwa jasho, presha hushuka kupita kiasi na mtu huona kizunguzungu anaposimama. Tembe nyingine, kama enalapril na losartan, hufanya kazi kwenye mfumo uleule ambao figo huutumia kujilinda maji yanapopungua. Mtu anayetumia aina hizi mbili pamoja, kisha akakaukiwa, huziweka figo zake hatarini. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba figo zilikuwa zimeelemewa. Nashukuru kwamba zilirudi katika hali yake ndani ya siku chache baada ya kutiwa maji kwa mshipa.

Wanaotumia metformin kwa ajili ya kisukari nao wajihadhari, kwa kuwa dawa hiyo huhitaji figo zinazofanya kazi vizuri. Wanaojidunga insulini wakumbuke kwamba dawa hiyo huharibika kwa joto. Usiiache ndani ya gari wala mfukoni. Pasipo na jokofu, ifunge ndani ya mfuko usiopenya maji, uiweke ndani ya chombo cha udongo kinacholoweshwa maji na kukaa kivulini.

Tafadhali nielewe vyema. Sisemi uache dawa zako unaposafiri kwenda nchi ya joto. Mtu anayeacha dawa za presha kiholela anaweza kupatwa na kiharusi. Ninachosema ni kwamba kabla ya safari, mwambie daktari wako unakokwenda. Huenda akabadilisha kipimo kwa muda. Na daktari akuulize pia utatembea saa ngapi. Mimi sikumuuliza mzee wangu, na kosa hilo lilikuwa langu.

KWA NINI TUTEMBEE BASI?

Huenda msomaji akasema: kama mambo ni hayo, si afadhali kukaa kivulini siku nzima? La hasha. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Kutembea kwa mwendo wa kukaza kidogo kunatosha. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Kutembea kwa namna hiyo hushusha presha, husaidia misuli kutumia sukari iliyo katika damu, hupunguza uzito na kuleta usingizi mzuri.

Tena, hakuna mahali panapomkumbusha mtu kwamba aliumbwa atembee kama Turkana. Huko Kanapoi, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, wanasayansi walipata mfupa wa muundi wa kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni nne iliyopita. Kule Nariokotome, mwaka wa 1984, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kilichowaongoza watafiti kwenye mifupa ya kijana aliyeishi karibu miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kijana huyo alikuwa na miguu mirefu, umbo linalofaa kutembea mbali katika nchi ya joto.

ASUBUHI NNE ZA LODWAR

Wakenya wengi wanaijua raha ya kutembea katika miji ya kale ya pwani kama Mombasa na Lamu, ambako vichochoro vyembamba na nyumba ndefu humpa mtu kivuli. Lodwar hauna vichochoro hivyo. Mitaa yake iko wazi na kivuli ni cha kutafuta. Kwa sababu hiyo nimeigawa njia yangu katika asubuhi nne. Mwili mgeni huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, kwa hivyo tunaanza na kipimo kidogo na kukiongeza polepole, kama tufanyavyo na dawa.

Toka nyumbani mara tu kunapopambazuka, yapata saa kumi na mbili u nusu, na uwe umerudi kabla ya saa mbili. Tazama saa unapoanza. Nusu ya muda uliojipangia ikiisha, geuka urudi, hata kama hujafika ulikokusudia. Mahali pakiwa mbali na unapolala, panda bodaboda hadi karibu, kisha utembee dakika zako.

Asubuhi ya kwanza, dakika 15: Nyumba ya Kenyatta. Mwezi wa Aprili 1959, baada ya kumaliza kifungo chake huko Lokitaung, Mzee Kenyatta aliletwa Lodwar na kuzuiliwa hapa hadi 1961, alipohamishiwa Maralal. Wakati huo serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa eneo lililofungwa, na mtu hakuingia bila kibali. Umbali na jua vilikuwa sehemu ya adhabu. Nyumba hiyo imehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Simama hapo kidogo ufikirie mtu wa nchi ya baridi ya Kiambu akiihimili hali hii kwa miaka miwili.

Asubuhi ya pili, dakika 20: mjini na sokoni. Hapa utaona mji unavyoamka. Akina mama Waturkana huuza vikapu vilivyosukwa kwa majani ya mkoma. Waamkie kwa neno “Ejoka”, nao watakuitikia kwa furaha. Tazama pia wazee wanaobeba kigoda kidogo cha mbao kiitwacho ekicholong. Mzee hukikalia mchana na kulalia kichwa usiku. Mwenyeji wa nchi hii hutembea akiwa amebeba mapumziko yake mkononi. Jua likipanda huingia chini ya mti na hatoki mpaka lipunguze makali. Mgeni angeiga hekima hiyo, mimi ningepungukiwa na wagonjwa.

Asubuhi ya tatu, dakika 30: ukingo wa Mto Turkwel. Mto huu huteremka kutoka upande wa milima ya magharibi, ukapita Lodwar na kuelekea Ziwa Turkana. Migunga na mikoma ya ukingoni ndiyo kivuli bora zaidi cha mji. Lakini tazama unapokanyaga. Mmea wa mathenge umeenea sana, na mwiba wake hupenya soli nyembamba. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kutembea na mwiba siku mbili bila kujua, na kidonda kikaanzia hapo. Ukirudi nyumbani, keti uchunguze nyayo zote mbili na katikati ya vidole. Usinywe maji ya mto yasiyochemshwa wala kutiwa dawa. Wala usichezee mbwa wa njiani, kwa maana minyoo ya mbwa huleta ugonjwa wa uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu ambao umewasumbua watu wa Turkana kwa muda mrefu.

Asubuhi ya nne, dakika 30 hadi 40: chini ya kilima chenye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono, kinachoutazama mji. Nasema chini ya kilima. Kupanda ni kwa yule tu aliyemaliza asubuhi tatu za kwanza bila kizunguzungu, bila maumivu ya kifua na bila kuhema kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa moyo aridhike na kuitazama sanamu kutoka bondeni.

Kabla ya kutoka, kunywa glasi mbili za maji. Beba chupa ya lita moja, na upige mafunda kadhaa kila baada ya dakika 15. Ukirudi, kunywa tena na upate kiamsha kinywa. Kwa matembezi mafupi ya asubuhi, mwenye presha hahitaji kuongeza chumvi. Wagonjwa wa moyo au figo walioagizwa kupunguza maji wamuulize daktari wao kiwango kinachowafaa. Kofia iwe pana, na nguo ziwe za pamba, nyepesi na zenye mikono mirefu.

UKIENDELEA HADI KAKUMA

Kutoka Lodwar barabara huelekea kaskazini-magharibi hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992. Miongoni mwa waliofika kwanza walikuwa maelfu ya wavulana kutoka kusini mwa Sudan. Walikuwa wametembea hadi Ethiopia, wakafukuzwa na vita mwaka wa 1991, kisha wakatembea tena kuelekea Kenya. Wengi walikufa njiani kwa kiu, njaa na wanyama wakali. Leo kambi hiyo, pamoja na makazi ya jirani ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya laki mbili.

Kanuni za Lodwar ndizo za Kakuma: alfajiri au jioni baada ya saa kumi na moja, maji mkononi, na dakika kabla ya umbali. Nina mambo mawili ya kuongeza. La kwanza, kuingia kambini kunahitaji kibali, na si adabu kumpiga mtu picha bila kumwomba. La pili ni Mto Tarach. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na mgeni hushawishika kuufanya njia ya kutembelea. Mvua ikinyesha mbali milimani, maji huja kwa ghafla, hata kama mbingu ya Kakuma ni safi. Ukiona wingu zito upande wa milima, au ukisikia ngurumo, toka mtoni upesi.

Wafanyakazi wanaokuja huku kwa mikataba nao nina neno kwao. Wengi hutoka nyumbani kwa gari, hukaa ofisini mchana kutwa, hurudi kwa gari, na baada ya mwaka presha imepanda na mshipi umeongezwa tundu. Alfajiri ya Kakuma ni tulivu na hailipiwi. Itumieni.

DALILI ZA HATARI NA HUDUMA YA KWANZA

Simama mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, moyo kwenda mbio, au uchovu usio wa kawaida. Ingia kivulini, legeza nguo, jimwagie maji na unywe polepole. Mchanganyiko wa ORS unafaa sana hapa. Usipoupata, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ukoroge. Pima kwa makini, kwani chumvi ikizidi hudhuru.

Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba kama mlevi, akazimia au kushikwa na kifafa, hiyo ni hatari ya kifo. Joto la mwili likipita nyuzi 40, ubongo huanza kuumia. Mwite mtu atafute gari, na huku mkingoja mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Kama kuna barafu, iwekeni shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, maana atapaliwa. Tembe za kushusha homa, kama panadol, hazisaidii hapa. Endeleeni kumpoza njiani mpaka mfike hospitalini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Shati langu ni kavu. Je, nimepoteza maji? Huenda umepoteza mengi. Uangalie mkojo na saa.

2. Naweza kuacha dawa za presha kwa sababu ya joto? Hapana. Muone daktari kabla ya safari.

3. Nimefika leo kutoka Nairobi. Nitembee muda gani? Dakika 15, asubuhi na mapema. Ongeza polepole.

4. Bia baridi inafaa badala ya maji? La. Pombe huongeza mkojo na kuukausha mwili zaidi.

Yule mzee alipopata nafuu, aliniambia kwamba hatatembea tena mpaka arudi Mombasa. Nilimkatalia. Nilipunguza kipimo cha tembe yake moja kwa muda, nikangoja wiki, kisha tukakubaliana kukutana alfajiri mbele ya nyumba ya mwanawe. Tulitembea dakika 15, mimi, yeye na mwanawe, na kila mmoja alikuwa na chupa yake. Tulipogeuka, alijipapasa shati begani, akacheka.

“Kavu,” akasema, akafungua chupa akanywa.

Amenipa ruhusa kukisimulia kisa chake, kwa sharti kwamba niwaulize madaktari wenzangu swali moja: mnapomwambia mgonjwa atembee, je, mnamwambia saa ngapi?